Inzi Asiye na Mdomo

Inzi hakuwa na mdomo.

Mtaalamu alifuta lenzi ya hadubini kwa pindo la koti lake jeupe, akatazama tena. Macho yapo, makubwa, rangi ya kutu. Mabawa yapo. Miguu yote sita imeishia kwenye nyayo nyeupe pe, kama mtu aliyetoka kukanyaga chaki. Lakini pale mdomo unapokaa palikuwa laini kama goti la mtoto.

"Kwa hiyo huyu hafuati chakula," alijisemea. "Anafuata nini majumbani mwa watu?"

Kitabu cha kutambulia inzi kina maswali mia mbili na kumi. Ukijibu moja linakurusha kwenye lingine, mpaka ufike kwenye jina. Alikuwa ameyajibu mara tatu, na mara zote tatu alifika mahali pasipo na jina. Maana yake aina hii haijaandikwa na mtu yeyote. Miaka kumi na minne alikuwa amekaa kwenye chumba kile cha makumbusho akivuta harufu ya dawa ya kuhifadhia wadudu, watoto wa kaka yake wakimwita Shangazi Inzi mbele ya wageni. Sasa wangemwita kwa heshima kidogo. Kidogo tu, anawajua.

Walikuwa wanne, kila mmoja juu ya pini yake, na chini ya kila mmoja lebo ndogo kama ukucha. Mstari wa kwanza mahali, wa pili tarehe, wa tatu jina la aliyemkamata. Hapo hapana mzaha. Inzi asiye na mstari wa tatu ni takataka yenye mabawa.

Tatizo, wote wanne walikuwa madume. Bila jike, wakubwa wa fani wangemrudishia maandishi yake bila hata kuyasoma.

Chupa walimokamatiwa zilitoka hospitali. Waligawiwa watu wanaouguza wagonjwa nyumbani, wakamate inzi yeyote wanayemwona chumbani. Aliyezunguka kuzikusanya ni dereva wa makumbusho, anayeitwa Breki kwa sababu gari lake halina.

"Dada, hao wanne wako nawakumbuka," Breki alimwambia akiwa mlangoni. Ndani alikuwa haingii, eti wale wadudu wanamtazama. "Nyumba zote nne nimekuta msiba."

"Zote? Kafa nani?"

"Nyumba ina mgonjwa, watu wamejaa uani wanalia, halafu mimi niulize kafa nani? Ningepigwa. Nimepokea chupa, nimetoa pole, nimeondoka."

Alipotoka, Mtaalamu alilinganisha tarehe za lebo na daftari la safari za Breki. Tangu inzi kukamatwa mpaka msiba kukutwa, hakuna nyumba iliyozidi siku tatu.

Alifunga daftari. Hakutaka kufikiri alichokuwa anafikiri. Mama yake alikuwa na mwezi mzima kitandani.

Jioni ile, jua likiwa bado dirishani, alimkuta mama amelala chali, mwembamba, macho wazi. Na kwenye chandarua, usawa wa uso wa mama, inzi mmoja anasugua nyayo zake nyeupe.

Aliuweka mkoba chini polepole.

"Usitikisike, Mama."

"Nitikisike niende wapi?"

Alichukua glasi ya maji ya dawa, akaimwaga sakafuni. Hatua moja. Ya pili. Inzi hakuruka, alibaki akisugua miguu tu, kama mtu aliyefika mapema akaambiwa asubiri. Glasi ikamfunika. Karatasi ikapita chini yake.

"Miaka yote hiyo ya kusoma," mama alisema, "kumbe tulikuwa tunalipia ukamate inzi kwa glasi."

"Huyu si wa kuchezewa, Mama. Amekaa hapa siku ngapi?"

"Siku ngapi gani? Kaingia na wewe sasa hivi. Nilidhani unatoka naye kazini."

Inzi alikufa ndani ya chupa ya dawa ya kuulia wadudu kwa dakika mbili. Mtaalamu alizihesabu zote.

Halafu mama akasema, "Hakuna kitu cha kula humu ndani? Leo nasikia njaa."

Hakuwa ameomba chakula kwa mwezi mzima. Mtaalamu alienda jikoni, akafungua bomba ili asisikike, akalia mpaka akashiba. Mama alikula sahani nzima, akaomba nyingine, akalalamika kuhusu chumvi.

Kwenye meza ya sebuleni, kwa lenzi ya mkononi, inzi wa tano alionekana vizuri kabisa: jike. Alimchoma pini huku akitabasamu. Akachukua kalamu ya ncha nyembamba. Mahali: chumba cha mgonjwa. Tarehe: ya leo. Mstari wa tatu akaandika jina lake kamili, kwa maringo.

Kilichobaki kwenye maandishi yake ni sentensi moja ya tabia: inzi huyu anapenda kutua wapi. Namba ya simu ya nyumba ya kwanza kati ya zile nne alikuwa nayo tangu zamani, ila kumpigia mtu aliyefiwa umuulize habari za inzi si uungwana. Leo alijipa moyo, akapiga.

Alipokea mwanamke mzee, sauti imara, sufuria zikigongana nyuma yake.

"Shikamoo, mama. Napiga kutoka makumbusho, kuhusu yule inzi wa kwenye chupa. Kwanza poleni sana kwa kuondokewa na mgonjwa wenu."

Sufuria zilinyamaza.

"Mgonjwa ni mimi, mwanangu," mwanamke alisema. "Tuliyemzika ni binti yangu, aliyekuwa ananiuguza. Yeye ndiye aliyemkamata huyo inzi wenu."

Mezani, wino wa mstari wa tatu ulikuwa haujakauka.