Bandeji ya Chatu

Ukitaka kubisha, bisha. Waliobisha kabla yako sasa wanachechemea.

Paa mmoja mwenye mbwembwe za kuruka alikanyaga shimo, akateguka kifundo, kikavimba kama boga. Chatu, mwenye maneno laini kuliko wote porini, akamkuta analia.

“Pole, mwanangu. Mguu ulioteguka hupumzishwa, huinuliwa, huwekwa baridi, hufungwa. Baridi ninayo mwilini. Bandeji ni mimi mwenyewe.”

Akajizungusha taratibu. Maumivu yakapungua, kisha yakaisha kabisa.

“Mzee, sisikii kitu!”

“Ndiyo dawa inaingia.”

“Mbona sasa umefika gotini?”

“Uvimbe hupanda, mwanangu. Nami naufuata.”

Paa akafumba macho kwa raha. Chatu akafika pajani. Hapo sauti nyembamba ikatoka katikati ya kwato, alikokuwa amejibanza Kupe.

“Wee mrembo! Huku chini damu haiji! Bandeji gani inakaza mpaka mguu unapoa kama wa maiti?”

Paa akazinduka, akamtwanga Chatu teke la jicho kwa mguu mzima, akachomoka.

Basi huyo ndiye Kupe, shujaa, mwokozi wa wanyonge.

Haya, kuna kipande nimekiruka. Kupe hakuwa na huruma yoyote. Alikuwa anakula, chakula kikakatika. Najua, kwa sababu Kupe ni mimi. Nawe umenisikiliza muda wote huu bila kujikuna. Hebu jipapase kifundo.