Wanne Waliokimbia Kura

Elisée alizima simu zote nne, akazitia kwenye sufuria na kuifunika. Alisema hakuna kuzigusa mpaka jioni. Wenzake watatu waliitikia bila furaha.

Walikuwa wamejificha mtaa wa Turffontein, kwa shemeji yake Elisée, wakati kule mtaa wa Hillbrow, kwenye jengo wanaloishi, kikao cha wapangaji kikikaribia kuanza. Mwenye jengo alikuwa ametoweka zamani, hivyo wapangaji walijitawala. Katiba aliiandika Elisée, akiiga jimbo moja la Marekani anakoishi kaka yake: baraza, kamati, miswada, akidi. Watu walimcheka, kisha wakaizoea.

Leo baraza lilitaka kupitisha muswada wa kumfukuza jengoni Mama Spès, mjumbe wa ghorofa ya nne, kwa sababu aliwahifadhi wapwa zake wawili wadogo wasio na karatasi za ukaazi. Bakiri, mwenyekiti, aliwaogopa polisi. Kwa miezi kadhaa Elisée aliukalia muswada huo kwenye kamati yake, hadi Bakiri akamwondoa. Sasa ilibaki dawa moja. Wajumbe walikuwa kumi na wawili, na kikao hakifunguliwi mpaka wanane wawemo ukumbini. Bakiri alikuwa na saba, yeye akiwemo. Mama Spès, mshtakiwa, hakuruhusiwa kupiga kura. Wanne hawa wasipotokea, muswada unakufa leo, siku ya mwisho ya kuupigia kura. Elisée alisikia redioni kwamba hata Marekani wajumbe hufanya hivyo, tena huvuka mpaka wa jimbo.

Mama Spès hawakumwambia. Alikuwa shemasi; angeulizwa walipo, angesema kweli.

Fiacre, mmoja wa wanne hao, hakutulia. Alikaa, akasimama, akachungulia dirishani, akakaa tena. Bakiri ndiye aliyemtafutia kazi ya ulinzi, na kila mtu alilijua hilo. Mwishowe akasema anakwenda kununua mkate.

"Eish, yaya, uniamini," alimwambia Elisée, kama ndugu yake mkubwa. "Narudi sasa hivi."

Hakurudi sasa hivi. Kidawa, mwenzao, alisema wazi kwamba Fiacre amewauza. Elisée aliwaona wale watoto kichwani mwake, wamekalia godoro kando ya barabara. Alitaka kumfuata, akajizuia, akazunguka meza.

Mlango ukafunguka. Fiacre aliingia na mikate miwili, jasho likimtoka; spaza, lile duka dogo la karibu, ilikuwa imefungwa. Kidawa aliona haya, akaenda kuchemsha chai. Walikula wakicheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Jua lilipoinama, Elisée aliwasha simu yake. Ikalia papo hapo. Alikuwa Bakiri, na sauti yake haikuwa ya mtu anayejigamba.

"Muswada umepita," alisema. "Tulikuwa wanane."

"Haiwezekani. Sisi wote tuko hapa."

"Mama Spès alifika mapema, akaketi kitini kwake. Hapigi kura, lakini anahesabiwa," alisema Bakiri. "Aliwabishia hodi, hakuwakuta, akaja kuwatolea udhuru."