Gauni Lisilo na Kiuno

Karatasi ilikuwa na urefu na mabega, lakini haikuwa na kiuno. Hilo ndilo aliloliona kwanza, kabla wivu haujampanda.

Aliikuta mfukoni mwa sare ya mumewe, mkuu wa polisi wa mji, alipokuwa akiifua. Urefu: inchi 64. Mabega: 16. Mwandiko ulikuwa wa mumewe, ule ulionyooka kama gwaride. Naye alikuwa fundi cherehani tangu usichana; mabega kumi na sita aliyajua kuwa si ya mwanamume.

Kwa hiyo kuna mwanamke anashonewa gauni. Tena kwa fundi mwingine.

"Inchi sitini na nne!" alinong'ona juu ya beseni. "Gauni la kufagia barabara. Basi kapata twiga."

Hakumwuliza. Maneno yake mengi yaliishia kooni. Wiki nzima aliwapima wateja wake kwa jicho la kijicho: mwalimu, muuguzi, mke wa mwoka mikate. Kila aliyepita kituoni akicheka, alimvisha gauni lile moyoni. Hakuna aliyelijaza.

Jumatano asubuhi mumewe alikuwa akipiga viatu rangi.

"Muuaji wa kukodiwa kaingia mjini," alisema. "Wenye maduka wote nimewaambia wafunge leo."

"Na mimi?"

"Wewe fungua tu. Nani atathubutu kumgusa mke wangu?"

Alimtazama. Mtu wa kujipanga huyo, hununua mwavuli kiangazi. Anataka nisiwepo nyumbani, aliwaza. Twiga anakuja leo.

Akaenda kufungua duka lake la kushonea. Mtaa mzima milango ilikuwa imefungwa, ila hofu haikupata pa kukaa. Wivu ulikuwa umeshajaza kiti.

Saa nne akaingia mgeni mwenye sauti ya upole, na koti lililochanika bitana. Akaketi kusubiri. Macho yake yakatua kwenye ile karatasi ya mfukoni, ambayo fundi aliibana kwa pini ukutani, juu ya cherehani.

"Vipimo vya nani hivi, dada?"

Labda kwa sababu hakumjua, neno likamponyoka. "Vya hawara wa mume wangu."

Mgeni hakucheka. Aliuchukua utepe wa kupimia. "Hebu simama wima." Akashika ncha utosini, akaushusha hadi kisiginoni.

"Gauni hupimwa kuanzia begani, kaka."

"Sitini na nne," alisema mgeni. Kisha mgongoni, bega kwa bega. "Kumi na sita."

Machozi na kicheko vikamjia fundi pamoja. Kumbe twiga ni yeye! Masikini mwanamume, kampima mkewe usingizini, tena kuanzia utosini, kama apimaye nguzo!

"Nampenda yule," alisema kwa sauti, neno ambalo kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa halikuwahi kumtoka kinywani. "Jioni nitamwambia. Na nitamcheka pia. Kiuno kasahau!"

Mgeni alikuwa keshafika mlangoni. Akasukuma komeo, akaufunga kwa ndani.

"Hakusahau, dada. Seremala hapimi kiuno."