Chai ya Fundi Nungunungu

Zamani, wanyama walipokuwa na viwanda vyao, fundi wa mashine ya kusaga alikuwa mmoja tu, Nungunungu, naye alipenda ibaki hivyo. Kiboko, mwenye mashine, alimpa Punda na Mbuni awafundishe kazi. Lakini kila mashine ilipoharibika, Nungunungu aliwaambia, "Kimbieni mkaniletee chai." Wakishatoka, ndipo anaifungua.

"Nataka kuweka mashine ya pili," Kiboko akamwambia. "Hawa wameiva?"

"Bado sana, bosi. Mafundi hawapatikani siku hizi."

Asubuhi moja mkanda wa mashine ulinasa miiba ya Nungunungu, ukaanza kumvuta ndani.

"Fungeni koki ya dizeli!" alilia.

Punda na Mbuni walipigwa na butwaa. "Koki ndiyo ipi, fundi?"

"Hiyo ya chini. Haraka, mashine..." Sauti ikakatika.

Wakatazamana. Kisha wakafanya jambo pekee walilofundishwa mashine inapoharibika. Wakatoka mbio.

Waliporudi, mashine ilikuwa bado inanguruma, na kwenye mkanda ilizunguka miiba mitupu. Kiboko alisimama mlangoni, mdomo wazi.

"Nani ataizima?" akauliza.

Punda akamnyooshea kikombe cha chai. Kilikuwa bado cha moto.