Mkono wa Langoni

Maradhi yalipoingia mwaka wa tatu, Mfalme alikuwa haguswi na yeyote, hata wa damu yake. Raia walipanga foleni langoni kuushika mkono wa mpira wenye joto, naye kule ndani akimhisi kila mmoja kwa glavu aliyovaa.

Siku hiyo bintiye Batuli alijitanda kanga ya mpishi, akapanga foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika aliung'ang'ania ule mkono, asiuachie mpaka askari wakamwondoa.

Wakati wa chakula, baba yake alimtazama kupitia kioo kilichowatenga.

"Leo mtu kaning'ang'ania, mwanangu, hata moyo ukanistuka. Nimewaambia mafundi waizime hii glavu. Watu hawatajua."

"Hawatajua, baba," alijibu Batuli, akaificha mikono yake chini ya meza.