Mahindi ya Msaada

Immakulata alitua debe la mahindi mbele ya karani wa kijiji. Ilikuwa mbegu yake yote, na mvua za kupandia zilishaanza.

Barua ilimtaka arudishe mahindi ya msaada aliyopewa mwaka wa njaa wa sabini na nne. Sababu haikuandikwa.

"Nilikosa nini, mwanangu?"

"Mama, mimi nimeletewa orodha tu. Mimina."

Aliinama. Kabla punje hazijamwagika, mtunza ghala wa kijiji, aliyekuwa amesimama kando, alifunika mdomo wa debe kwa kiganja chake kipana, chenye vumbi la unga kwenye mikunjo.

"Huyu nilimpimia mimi, wiki aliyomzika mumewe," alimwambia karani. "Kama kuna kosa, andika jina langu. Nitalipa nikivuna."

Karani alimtazama, kisha akalikata jina la Immakulata.

"Nenda ukapande, dada," mtunza ghala alimwambia.

Immakulata alitaka kushukuru, Kiswahili kikamkimbia. "Murakoze," alisema kwa lugha ya kwao Burundi, machozi yakimtoka. "Murakoze."

Alfajiri mke wa mtunza ghala alisikia jembe likilima shambani kwao, akatoka.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Immakulata, mama. Nimeanzia huku chini. Endelea kulala."