Mwalimu Hondohondo na Binti wa Nguchiro

Zamani, wanyama walipokuwa na kanisa lao, Hondohondo ndiye aliyewafundisha watoto kusali, na hakuna kilichompendeza kama kusifiwa kwa kazi hiyo. Jumapili moja Mama Nguchiro alimletea bintiye, Tumsifu, kisha akasita mlangoni.

"Mwalimu, nami nifundishe. Natamani kusali naye nyumbani, ila sijui nianzie wapi."

"Usijisumbue, mama," Hondohondo akajibu. "Hiyo ni kazi yangu. Wewe mlete tu."

Mama Nguchiro akatii. Miaka sita alimleta bila kukosa, na Tumsifu akawa wa kwanza darasani kwa kukariri sala. Hondohondo akavimba kichwa.

Kisha Mama Nguchiro akaugua, akawa hoi. Hondohondo alipokwenda kumjulia hali, alimkuta Tumsifu ameketi kando ya mama yake.

"Mwombee mama, mwanangu. Sala zote unazijua."

"Zile ni za darasani, Mwalimu," Tumsifu akasema kwa upole. "Hapa nyumbani sijasikia mtu akisali hata siku moja. Nilidhani ukikua unaacha."

Mama Nguchiro alisikia. Machozi yakamtoka. Hondohondo akapiga magoti, moyo ukimuuma.

"Nifuatishe, mama. Ee Mungu..."

Alikuwa amechelewa. Mama Nguchiro alikata roho kabla hawajafika kwenye amina. Tumsifu akamfunika, akamshukuru mwalimu kwa kuja, na kanisani hakukanyaga tena.